Nusu Kilo ya Watu Watano

Mwanamume aliyemtaka dada yangu alikuwa mwalimu kule Kitengela. Sisi tulikaa Kajiado. Mimi nilikuwa kidato cha pili, likizoni, na njaa ya bweni bado ilikuwa tumboni.

Baba alikuwa amemwambia mwalimu, "Tutafutie mahali tukule tukiongea." Akatafuta. Shida ilianzia hapo. Baba alijua kwamba aliyechagua mahali ndiye anatualika. Mwalimu naye alijua kwamba aliyesema "tukule" ni mzee, na kulipa mbele ya mzee ni kumwambia amefilisika.

Kule buchari, duka la nyama choma, muuzaji aliinua kisu mbele ya mbuzi mzima. "Kilo ngapi, wazee?"

Baba akamtazama mwalimu kwa huruma. "Nusu inatosha."

"Hata robo, mzee," mwalimu akasema.

Tulikuwa watu watano.

Tukinawa mikono mwalimu akanivuta kando. "Kijana, kwani hii kiangazi ilimaliza ng'ombe za mzee?"

Nyama ililetwa, ikajificha nyuma ya ugali. Mama alisema hana njaa. Dada alinikanyaga kila nilipofikia kipande. Mwalimu alipoinuka kutafuta chumvi, Baba akamwinamia Mama: "Huyu ataua msichana wangu na njaa. Sitaki."

Dada alisikia. Dada ambaye hakuwahi kulia hata alipoanguka kutoka kwa punda, sasa macho yalimjaa maji juu ya kachumbari.

Ningeweza kuwaambia ukweli. Badala yake nilienda kwa muuzaji. "Mzee amesema uongeze kilo mbili. Na mutura."

Sinia ilipotua, na mutura, ule utumbo uliojazwa nyama, juu yake, Baba na mwalimu wakasema kwa pamoja, "Asante sana!" Kila mmoja alikuwa anamshukuru mwenzake. Kisha wakatazamana. Muuzaji, msaliti yule, akaninyooshea kisu. "Si kijana wenu ndiye aliongeza? Alisema ni mzee."

"Mzee gani?" Baba akauliza.

Mwalimu akaruka, mkono mfukoni. "Basi nilipe mimi, mzee."

"Kaa chini!" Baba akanguruma. "Wewe utaleta ng'ombe. Hii mbuzi ni yangu."

Ng'ombe! Dada akapaliwa na soda, Mama akampiga mgongo huku akicheka, kisha akajivutia mbavu mbili, yeye asiye na njaa.

Mimi nilirudi shule bila pesa ya matumizi. Baba alisema nilikuwa nimeshaila, pamoja na mutura.