Mashine ya Kunyolea ya Bwana wa Gatitu

Simu iliita ofisini Jumatatu asubuhi. Aliyepiga ni jirani wa yule bwana wa Gatitu, mkaguzi wa zamani wa vyama vya ushirika vya kahawa, akinijulisha kwamba rafiki yangu huyo amefariki. Alikuwa amelazwa hospitalini siku chache, hawezi kusema wala kuinua mkono wa kulia. Ningependa kuwaambia kwamba nililia. Sikulia. Niliweka simu chini nikajishika shingo kutafuta mapigo ya damu yangu, maana tangu mwezi uliopita mimi pia nameza vidonge vile vile alivyokuwa akimeza yeye, vya kuzuia damu isigande. Moyo wangu umeanza kupiga ovyo, na daktari amenieleza kwamba damu ikituama ndani yake inaweza kufanya bonge, na bonge hilo likipanda kichwani, basi tena. Ninyi mnaonisoma gazetini kila Jumapili mmenizoea kwa ubishi na mzaha. Leo naandika nikiwa na hofu, tena hofu ya kweli, na mzaha ukipungua mtanivumilia.

Tulijuana dukani, miaka ya themanini ikianza. Nilikuwa nimeingia katika duka moja la vifaa vya umeme hapa Nyeri kununua mashine ya kunyolea ndevu, kwa sababu wembe ulikuwa umenijaza vipele shingoni hata kufunga kola ya shati ikawa adhabu. Nilikuwa nimeshaipata niliyoitaka, inang'aa, ina mkoba wake wa ngozi. Niliichagua kama mtu anayenunua ng'ombe kwa kutazama pembe. Mara nikaguswa bega na mtu mrefu aliyeshika kofia mkononi.

"Bwana, hiyo usibebe," alisema. "Umeuliza kama iko na nyavu ya kubadilisha?"

"Nyavu gani?"

Aliichukua mkononi mwangu bila kuomba ruhusa, akafungua kichwa chake, akanionyesha wavu wa chuma, mwembamba kama karatasi ya sigara, unaokaa kati ya ngozi ya mtu na makali. "Hii ndio inakulinda. Ikitoboka, hiyo kisu ya ndani inakula wewe. Sasa kama hawauzi nyavu yake hapa Nyeri, utaenda kutafuta wapi? Ulaya?"

Mwenye duka alinuna, lakini bwana yule hakujali. Aliwasha mashine tatu moja baada ya nyingine, akiziweka sikioni, akakataa iliyokuwa ikikwaruza. Aliniuliza kama nyumbani kwangu kuna stima, kwa sababu kama hakuna ni heri ya betri za kununua kuliko ya kuchaji. Alinionya kwamba ndevu zetu hizi za kujikunja zinataka kunyolewa kabla hazijarefuka, maana mashine ya wavu haikati unywele mrefu, inaung'oa. Nisikandamize. Nikimaliza nipige brashi ndogo ndani nitoe unga wa nywele, na mara moja moja nitie tone la mafuta ya cherehani kwenye makali. Nisiiache kwenye chaji kila siku usiku kucha, betri itazoea uvivu. Na nisimwazime mtu, hata ndugu yangu wa tumbo moja. Nilimuuliza kama yeye ni fundi wa mashine hizo. Akacheka, akafungua vifungo viwili vya shati, akaniambia, "Weka sikio hapa."

Niliinama katikati ya duka, watu wakitutazama, nikasikia kitu kinagonga ndani ya kifua cha mtu aliye hai, tik, tik, tik, kama saa ya ukutani. Nywele zilinisimama. Ugonjwa wa utotoni ulikuwa umeula moyo wake, na madaktari wa Nairobi walikuwa wamempasua wakamtilia kilango cha chuma. Ili damu isigande kwenye chuma kile ilimbidi ameze vidonge kila siku ya maisha yake, na vidonge hivyo vilifanya damu yake, ikianza kutoka, isijue kusimama. "Wembe niko nayo mbali kabisa," alisema. "Daktari aliniambia, wewe wembe utaiona kwa uso ya mtu mwingine." Huyu ni mtu ambaye kazini alikuwa akizikabili kamati nzima za ushirika, wanaume wenye matumbo na mapanga, akawauliza kahawa ya wakulima imekwenda wapi. Lakini sokoni alikuwa akiwapita vinyozi kwa upande wa pili wa barabara.

Mama yake alipofariki nilikwenda naye kwao Kiriaini. Ni watu wa kanisa, lakini ukoo wao ulikuwa bado umeshika desturi ya kunyolewa baada ya maziko, watoto wote wa marehemu kwa wembe mmoja, na kifungua mimba akitangulia. Kifungua mimba alikuwa yeye. Alikuwa amejiandaa kwa namna yake. Alikuja na mashine, ameichaji nyumbani kwake Gatitu kwa sababu kule kwa mama stima haikuwa imefika, na akawaomba wazee wamruhusu ajinyoe mwenyewe. Wakaguna, wakakubali. Binti mmoja akampunguza nywele kwa mkasi, naye akaanza, polepole, kuanzia juu ya sikio la kushoto. Hapo ndipo mwalimu wangu alipokosea somo lake mwenyewe. Mashine ya ndevu si ya kichwa. Nywele zilijaa ndani, mashine ikaguna, ikapunguza mwendo, ikanyamaza. Nusu ya kichwa ilikuwa nyeupe na nusu nyeusi.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonitisha. Baba yake mdogo, mzee mkavu mwenye macho makali, akaja na wembe.

"Wewe kijana, ati mama yako amelala huko na wewe unaogopa wembe?"

"Ndio, baba. Ninaogopa."

"Unaogopa nini? Mimi nimenyoa hii nyumba yote, hakuna mtu amekufa."

"Mimi nitakufa, baba. Ukinikata kidogo tu, hii damu haitasimama, na hospitali iko mbali."

Mzee akamshika kisogo, taratibu, kama anavyoshikwa mtoto msumbufu. Mimi nilikuwa nimesimama karibu nao. Niliona shingo ya rafiki yangu ikitetemeka chini ya ule mkono. Hakuukimbia. Alifungua shati tu, kama alivyofanya dukani, akamwambia mzee asikilize kwanza, halafu afanye anavyotaka. Mzee akainamisha sikio. Alipojiinua uso wake ulikuwa umebadilika, na alirudi nyuma hatua kadhaa bila kumpa mgongo.

"Kuna kitu inatembea huko ndani," aliwaambia wenzake. "Wachaneni na yeye. Akae hivyo."

Akakaa hivyo. Aliwasindikiza wageni, akaomba sala ya mwisho, akapita sokoni Kiriaini mchana kweupe na nusu ya nywele, huku wachuuzi wakiacha kupima viazi wamtazame. Maneno yalifika hadi Murang'a mjini kwamba kuna mwanamume mzima aliyemkimbia wembe wa mazishi ya mamake. Waswahili walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kicheko kilikwenda kwake kweli, akakipokea, akaendelea kuishi.

Na baada ya miaka michache nani alikuwa akicheka? Ugonjwa ule tusiopenda kuutaja uliingia katika miji yetu hii ya mlimani, na ghafla kila mtu akawa anakwenda kwa kinyozi na wembe wake mfukoni. Tuliotazamana kwa dharau tukaanza kutazamana kwa woga. Nilidhani basi kwamba rafiki yangu alikuwa ametutangulia tu, na kwamba woga ni akili. Niliandika hivyo hapa hapa, baadhi yenu mtakumbuka. Leo sina hakika tena, na nitawaambia sababu.

Jumatano nilikwenda Gatitu kumpa pole mjane wake. Tuliketi jikoni, akanimiminia chai, akaanza kusimulia bila kuulizwa. Mwaka jana wavu wa mashine ulitoboka, tundu dogo kama la sindano. Walitafuta mwingine Nyeri nzima, wakaagiza Murang'a, wakaagiza hata Nairobi. Lile duka la zamani lilikuwa limefungwa, na kwingine waliambiwa mashine ya namna hiyo haiagizwi tena. Nchi yetu hii inajua sana kuleta vitu, lakini vipuri inavisahau njiani. Hata moyo wake ulikuwa vivyo hivyo. Alipewa kilango cha chuma, lakini kipimo cha kujua kama damu ni nyepesi mno au nzito mno alipaswa kukifuata Nairobi kila mara, na miguu ya mtu huchoka. Basi akaendelea na wavu uliotoboka, akikwepa upande wenye tundu. Asubuhi moja, wakijiandaa kwenda kanisani, makali yakampata chini ya taya.

"Ilitoka mpaka mchana," mjane alisema. "Tulimaliza taulo mbili. Mimi nalia, watoto wanalia, yeye amekaa tu kwa kiti ananiangalia. Hajawahi kuniangalia hivyo. Hospitali wakaisimamisha, tukarudi nyumbani, tukashukuru Mungu."

Tangu siku hiyo aliacha kunyoa, akafuga ndevu. Binti yake alimletea mashine mpya na hakuifungua hata boksi. Kisu cha jikoni akawa hakigusi, kahawa yake akamwachia kibarua apogoe. Watu wa nyumbani wakaona ni sawa, mzee anajitunza. Alipoanguka na kupelekwa hospitalini, daktari alimuuliza mjane kama mgonjwa alikuwa akimeza dawa zake. Akajibu ndiyo, kila asubuhi, na maji alimpa yeye mwenyewe kwa mkono wake. Jioni hiyo alirudi nyumbani kumchukulia nguo, akaufungua mkoba wa ile mashine ya zamani, na ndani yake, kando ya brashi na kichupa cha mafuta ya cherehani, akakuta vidonge vya miezi, vimelowa mate vikakauka. Alikuwa akivitia mdomoni, akinywa maji, kisha akivitema.

"Alikuwa anaogopa damu kutoka," mjane aliniambia. "Hiyo ingine ya kuganda, hakuiogopa. Hakuwa ameiona."

Sikumaliza chai. Niliaga vibaya, nikarudi mjini kwa miguu. Njiani nilikuwa nikijaribu kumkasirikia nikashindwa, kwa maana namwelewa. Damu inayotoka ina rangi, unaiona ikilowesha taulo, watoto wanalia. Damu inayoganda haisemi kitu. Mtu mwenye hofu hukilinda kile anachokiona, na rafiki yangu alikuwa mlinzi hodari kuliko wote niliowajua.

Jana asubuhi nilijikwaruza kidevu. Kitu kidogo, ambacho zamani nisingekitambua hadi mke wangu aniambie. Nilibana pamba, nikaitoa, damu ikaja. Nikabana tena, ikaja tena. Kidonge changu kilikuwa kwenye kisahani mezani, na nawaambieni kweli, nilikitazama kama mtu anavyotazama nyoka mlangoni. Nikasema moyoni, leo tu. Leo tu nikiruke, damu ikauke, kesho nitaendelea. Ndipo nilipojua jinsi ilivyoanza kwake.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Nilimwambia, "Mama, naogopa kumeza hii dawa." Hakunicheka wala hakunihubiria. Alivuta kiti akakaa, akanishikia pamba kwenye kidevu hadi damu ikasimama, kisha akangoja nimeze, na baada ya kumeza akasema twende kwa daktari nikamwambie yeye pia maneno hayo hayo. Tulikwenda. Bwana wa Gatitu alitufundisha nusu ya mji huu kuchagua mashine na kuitunza, na kwa miaka yote hiyo alizungumza na kila mtu juu ya wavu, makali na betri. Baada ya ile Jumapili ya taulo mbili, hakumwambia mtu hata mmoja kwamba sasa anaogopa dawa. Mimi naogopa. Nimemwambia mke wangu, nimemwambia daktari, na sasa nimewaambia ninyi.