Nilichoma Daftari Lililobeba Haki ya Mwanangu

Mimi ndiye niliyeharibu haki ya mwanangu. Msimtafute mwingine! Sitaji jina langu kwa sababu hapa mtaani kwetu Panda wananijua, na aibu niliyo nayo inanitosha.

Binti yangu ana miaka minne. Siku ya kampeni ya chanjo alidungwa sindano kwenye kalio, katika kituo cha afya cha mtaa wetu. Alikwenda akitembea, akarudi amebebwa. Daktari alisema sindano imegusa mshipa wa fahamu, na mguu hautapona bila upasuaji Lubumbashi. Uchungu gani huo, jamani!

Mwanasheria tunayesali naye parokiani akatuambia upo mfuko wa fidia kwa watu walioumizwa na chanjo, nao ungelipia upasuaji. Walitaka barua ya daktari na karatasi ya kituo yenye jina la mtoto, siku ya chanjo na namba ya chupa. Kadi ya mtoto ilikuwa imelowa mvua, wino wote umekwenda. Ikabaki rejista ya kituo, daftari moja tu.

Wiki zikapita. Kila nikienda, muuguzi aliyemdunga mtoto ananiambia ningoje. Shemeji yangu akanitia maneno: "Ule muntu anafuta jina ya mutoto. Banafanyaka vile!" Nami mjinga nikaamini. Tangu ujana wangu ngumi hutangulia, akili hufuata.

Asubuhi moja nilitoka karakanani ninakofanya kazi, spana mkononi, moja kwa moja hadi kituoni. Akina mama walikuwa kwenye benchi na watoto wao. Muuguzi alikuwa mezani, rejista wazi mbele yake, anaandika.

"Leta rejistre!" nikapiga kelele. "Weye unafichaka jina ya mutoto yangu!"

"Papa, tulia," akasema. "Minye naandika. Ngoya kidogo. Rejistre haiwezi kutoka apa."

Ngoya tena! Sikungoja. Nilimpiga spana usoni. Alianguka na kiti chake, nami nikamfuata chini, nikampiga mpaka damu ikanirukia shati. Alikuwa amejikunja, amekumbatia daftari. Nilimkanyaga vidole hadi akaliachia. Akina mama walikuwa wanalia, "Utamuua! Utamuua!" Na kweli, siku ile nilitaka kumuua.

Nje kulikuwa na mbabula, jiko la kuchemshia maji, lenye makaa mekundu. Nikaitupa rejista humo. "Kama minye siione, hakuna mwenye ataiona!" Nikasimama kuilinda hadi ikawa majivu. Nilijiona mwanamume!

Polisi walinifunga kamba. Kesho yake daktari wa wilaya alikuja rumande na karatasi moja yenye madoa ya damu. Akaniambia nisome.

Ulikuwa mwandiko wa muuguzi. Jina la binti yangu, siku ya chanjo, kisha maneno haya: "Mimi ndiye niliyemdunga, na nilimdunga vibaya." Alikuwa anajishitaki mwenyewe! Wiki zile zote alikuwa anangoja ruhusa ya wakubwa wake, na ilifika asubuhi ile ile. Mahali pa namba ya chupa palikuwa patupu. Hapo ndipo nilipomkatiza.

Nililia kama mtoto. Daktari akachukua karatasi yake akaondoka.

Mfuko ulikataa ombi letu, maana bila namba hiyo hawana la kuthibitisha. Muuguzi amepoteza jicho la kushoto. Mahakama ilinifunga, tena ikaniamuru nimlipe fidia. Mimi! Nilitafuta fidia ya mguu wa mwanangu, leo nalipa ya jicho la mtu aliyekuwa anatusaidia.

Nilipotoka gerezani mke wangu alinikuta mlangoni. "Njo weye mwenyewe uliunguza jina ya mutoto wetu," akasema. Ni kweli, ni mimi.

Ndugu yangu unayesoma, mwanao akiumizwa na sindano, usiwazuie wengine kuchanjwa, na usiende kituoni na hasira. Omba nakala ya rejista siku ile ile ya chanjo, hata kama wanakuambia si lazima. Ukihisi mkono unakuwasha kupiga mtu, rudi nyumbani ukapasue kuni. Binti yangu sasa anatambaa hadi mlangoni kutazama wenzake wakiruka kamba, nami nikitaka kumbeba ananiogopa.