Dumu Nililompa Wifi

Siku ya kugawa vitu vya mume wangu, wifi yangu, dada yake wa pekee, hakutaka koti wala jembe. Alichagua dumu la lita tano lililokuwa stoo. Anauza mafuta ya alizeti barabarani pale Iguguno, na madumu yenye mfuniko unaokaza hayapatikani kirahisi.

"Hili litanitosha. Au na hili unalionea uchungu, wifi?"

Watu wakacheka. Nikasema, chukua.

Nilijua lilikuwa la dawa ya kupulizia wadudu shambani. Karatasi yake ilikuwa imebanduka, lakini nilijua. Niliogopa kuitwa mjane mchoyo, nikanyamaza.

Vitu vya sumu nyumbani kwetu vilikuwa kazi ya mume wangu. Dawa ya panya, betri kuukuu, madumu ya dawa, vyote aliviweka juu, akaniambia, "Usiguse." Madumu matupu aliyasuuza mara tatu, maji yake akayamwaga kwenye bomba la kupulizia, kisha akayatoboa kwa msumari na kumpelekea bwana shamba. Hilo moja hakuwahi kulitoboa. Aliugua.

Siku tatu sikula vizuri. Ya nne nikaenda.

Nilimkuta wifi mezani kwake, na mama mmoja aliyeshuka kwenye basi ameshika dumu lile lile, lina mafuta, wanapatana bei.

"Hilo haliuzwi," nikasema, nikalishika.

"Makubwa! Umefuata dumu?"

"Lilikuwa la dawa ya shamba, wifi."

"Nimelisugua kwa majivu na maji ya moto. Linang'aa."

"Haitoki. Imeingia kwenye plastiki."

Yule mama akaliachia, akarudi kwenye basi bila kununua kitu. Wifi alimtazama mpaka basi likaondoka.

"Ulijua siku ile ile?"

"Nilijua."

"Na watoto wangu nimewakaangia mihogo kwa mafuta ya humu jana. Wazima, lakini ulijua."

Nilimwambia awapeleke zahanati, na akienda aseme ni dawa gani. Jina lake nilikuwa nalikumbuka, nikamwandikia kwenye kipande cha boksi. Alikipokea bila kunitazama, nikaondoka na dumu.

Jioni ile nilimpelekea dumu langu la mafuta, la alizeti ya mwisho tuliyolima na mume wangu. Aliniambia watoto wamepimwa, hawana shida, waangaliwe tu. Akapokea mafuta, hakunikaribisha kukaa.

Kesho yake nilimpelekea bwana shamba dumu lenye mafuta mabaya kama lilivyo. Aliuliza nani alilijaza. Nikasema ni kosa langu, nikasimulia lote.

Wifi hajaja kwangu tangu hapo. Tukikutana mnadani ananisalimia, namwitikia, anapita. Zamani Jumapili alikuwa anakuja kunisuka, tukimzungumzia kaka yake. Sasa najifunga kilemba tu.