Sheria ya Kanada na Muhuri wa Dagaa

Wakala yule wa viza nilimdharau kabla hajafungua kinywa. Alikuwa na kibanda karibu na stesheni ya reli Kigoma, tai shingoni, bendera ya Kanada ukutani, na mezani mihuri mitano kaipanga kama vikombe vya chai. Dada yangu alimwamini kuliko mimi, ndugu yake wa tumbo moja.

Mumewe alivuka ziwa kutoka Kongo akiwa mkimbizi, akamwoa dada hapa Gungu, kisha akapelekwa Kanada. Ilishatimia miezi kumi na moja. Wakala alimwambia dada asubiri miaka miwili ndipo aitwe, na kwamba sheria za Kanada ni siri, hazionyeshwi mtu ovyo.

Siri gani? Niliketi kwenye duka la fotokopi, nikaingia tovuti ya serikali yao, na sheria ilikuwepo yote, bure, kwa Kiingereza na Kifaransa. Shemeji angeweza kumwita mke aliyemtaja kwenye fomu zake, kwa njia nyepesi ya wakimbizi, mradi aombe ndani ya mwaka mmoja tangu afike. Zilibaki wiki tatu.

Nilichapisha kurasa mbili, nikampelekea dada mbio. Alizigeuza mbele na nyuma.

"Mdogo wangu, hii haina muhuri."

"Kule hawagongi mihuri kwenye sheria, dada."

"Basi si ya serikali."

Siku nne nilimweleza, nikambembeleza, nikamfokea. Hakutaka kumsumbua mumewe kwa karatasi tupu. Siku ya tano nilimeza hasira nikazipeleka zile kurasa kibandani. Wakala hakusoma hata mstari. Aliokota muhuri uliokuwa karibu, akaupulizia, akagonga. Njiani nikausoma: ulikuwa wa kikundi cha wauza dagaa kilichokufa zamani.

Dada alipouona ule wino wa bluu alipokea kurasa kwa mikono miwili. Akampigia mumewe papo hapo, akaweka spika, nami nikamsomea kile kifungu cha mwaka mmoja. Nilijiambia huyu anaishi hukohuko, sheria anaweza kuifungua kwenye simu yake, angalau yeye hana ujinga wetu.

Shemeji akauliza:

"Ina muhuri?"

"Upo," dada akajibu.

"Basi napeleka maombi leo."