Mota ya Maji ya Chilangala na Fundi Aliyeitwa Mwivi

Habari ya msiba nimeipata kwa kondakta wa basi la Newala. Nilikuwa nimesimama mbele ya duka ninaponunua magazeti hapa Masasi, basi likapunguza mwendo, naye akatoa kichwa dirishani. "Shikamoo Mwalimu. Baba Somoe hatunaye tena. Wamemzika jana kwao Chilangala." Sikuwahi hata kuitikia marahaba, basi lilikuwa limekwisha ondoka. Wanaosoma safu hii kwa muda mrefu wanajua kwamba sina desturi ya kutaja majina ya watu, na leo sitaivunja. Nitamwita marehemu kwa jina la binti yake wa kwanza, kama tulivyomwita sote mtaani, na wale waliomtendea nitakayoyaeleza nitawaacha bila majina. Wenyewe watajijua.

Nilimfahamu nilipohamishiwa Masasi kufundisha, nikapanga chumba kilichopakana ukuta na nyumba yake. Alikuwa fundi wa umeme wa siku zile ambazo taa za mji zilitegemea majenereta ya dizeli, na mafundi wa laini walikuwa wachache kiasi kwamba kila mtu aliwajua kwa sura. Alifanya kazi na mwenzake mmoja wa Chiungutwa, Mwanglikana, mtoto wa familia ya walimu wa kanisa, wakati yeye mwenyewe alikuwa Mwislamu asiyekosa swala. Mmoja akipanda nguzo, mwingine alisimama chini na hakuondoa macho juu. Hata ukimsalimu aliyesimama chini, hakukujibu mpaka mwenzake awe ameteremka. Mara ya kwanza nilidhani ni dharau. Baadaye Baba Somoe aliniambia, "Mwalimu, ntu aliye juu ameniachia roho yake. Nikigeuka kukupa mkono, nani anaishika?"

Hakuwa mtu mtamu, na sitaki msiba unifanye niseme uongo. Alifoka. Siku moja tuliongozana kwenda Nanganga kwa gari lao la kazi, nikamwona akishuka kabla gari halijasimama sawasawa. Mama mmoja alikuwa ameanika kanga na nguo za watoto kwenye waya unaoshikilia nguzo ili isilale. Alimfokea yule mama mpaka kuku wakatawanyika. "Unataka tukuzike na kanga zako? Waya huu siku ukishika moto wa umeme, watakufa watoto kwanza, maana wao ndio wanaouchezea!" Mama wa watu akabaki ameduwaa na beseni mkononi. Kisha Baba Somoe akarudi garini, akachukua kamba yake mwenyewe, akaifunga kati ya mikorosho miwili, akaanza kuanika nguo zile moja baada ya nyingine, kwa mikono yake, huku bado ananung'unika. Yule mama alicheka hadi akakaa chini. Ndivyo alivyokuwa. Nguzo zote kati ya Masasi na Newala alizichukulia kama mali ya nyumbani kwake, na watu wanaoishi chini ya nguzo hizo kama watoto wake wakaidi.

Kisha zikaja zama za ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi. Sitaki kuzibeza, kwa sababu nakumbuka maduka matupu yaliyotangulia, na nakumbuka tulivyofurahi kuona sabuni, vitenge na betri za redio vikipangwa rafuni bila mtu kupanga foleni. Lakini huku kwetu ruksa ilikuja pia na ukimya. Viwanda vya kubangua korosho, vilivyojengwa kwa matumaini makubwa, vilifungwa kimoja baada ya kingine. Korosho zikawa zinasombwa zikiwa na maganda yake, zinakwenda kubanguliwa ng'ambo, na akina mama waliokuwa wakivaa aproni asubuhi wakarudi porini kuchimba ming'oko, vile viazi vya mwitu. Majengo yakabaki na walinzi. Ndani yake mashine zililala na vumbi, zikisubiri mnunuzi ambaye hakuna aliyejua angekuja lini.

Ni katika kipindi hicho ndipo mota ya maji ilipoungua. Asiyefahamu nyanda za Makonde aelewe kwamba kule juu hakuna mto wala kisima cha kutegemea. Maji yako chini kabisa bondeni, na lazima yasukumwe na pampu kupanda mlima. Pampu ikisimama, wanawake ndio wanaokuwa pampu. Wanateremka alfajiri na ndoo, wanapanda jua likiwa utosini, na wakifika nyumbani maji yamekwisha nusu. Chilangala na vijiji jirani vilikaa hivyo msimu mzima wa kiangazi. Baba Somoe na mwenzake waliifungua ile mota, wakaona koili zote zimekuwa makaa. Waliomba mota nyingine kwa wakubwa wao, wakaambiwa wasubiri, siku hizi kila kitu kinapangwa upya. Mama yake Baba Somoe alikuwa bado hai wakati huo, mzee anayetembelea fimbo, na alikuwa akioga kwa kikombe.

Wote wawili wakaenda kwenye kiwanda kimoja cha korosho kilichofungwa, wakamkuta msimamizi aliyeachiwa mali ile. Mwenzake wa Chiungutwa amenisimulia mazungumzo hayo zaidi ya mara moja, na hayajawahi kubadilika. Baba Somoe alisema, "Ndugu yangu, una mota humu imelala bure. Watu kule juu wanakunywa matope. Tupe, tuifunge bondeni, siku kiwanda kikifunguliwa tutaifungua na kuirudisha." Yule msimamizi alizunguka nao kiwandani, akawaonyesha mota yenyewe, akaipiga teke kidogo kwa kiatu. "Chukueni, Fundi. Humu itaoza tu. Mimi mwenyewe mke wangu ni wa huko juu." Akawasaidia kuinyanyua. Waliitoa mchana, kupitia geti kubwa, mbele ya mlinzi, wakaipakia kwenye gari linalojulikana na mji mzima. Baada ya kuifunga, maji yalipanda. Niliwahi kufika Chilangala wiki hiyo, nikawaona akina mama wakipiga vigelegele kwenye bomba kama wako harusini, na Baba Somoe akiwafokea wasisukumane.

Furaha ile haikudumu mpaka mvua za pili. Kiwanda kilipata mnunuzi. Watu wake walikuja kukagua walichonunua, wakakuta mahali penye mota pana alama nne za boliti na mafuta yaliyokauka. Waliuliza. Msimamizi yule yule, aliyeinyanyua kwa mikono yake, alikuwa ameahidiwa kuendelea na kazi chini ya mwajiri mpya, ana watoto, ana hofu. Akasema hajui, labda mafundi wa umeme waliokuwa wanapita pita. Baba Somoe alikamatwa akiwa juu ya nguzo. Askari walimsubiri chini, pembeni ya mwenzake, na mwenzake hakuwaangalia wala kuwajibu mpaka Baba Somoe alipokanyaga ardhi. Hapo ndipo yule mwenzake aliponyoosha mikono yake mwenyewe akasema, "Kama ni mota, tuliibeba wawili. Nifungeni na mimi."

Nilikwenda kuwaona mahabusu na Mama Somoe, tumebeba chai na muhogo wa kuchemsha. Ilikuwa miezi ya baridi, na walilala kwenye saruji. Baba Somoe hakulalamika juu ya saruji. Alishika nondo za mlango akamwuliza mkewe swali moja tu. "Maji yanatoka?" Mama Somoe akainamisha kichwa. Mota ilikuwa imefunguliwa siku hiyo hiyo na kuletwa kituoni iwe kielelezo. Tulikuwa tumeipita tukiingia, imewekwa nje ukutani, juu ya nyasi.  Baba Somoe alikaa chini, akasema taratibu, kama anazungumza peke yake, "Basi wangeniacha mimi humu wakairudisha yenyewe. Mie siyo mwivi, lakini hata ningekuwa mwivi, maji yana kosa gani?"

Kesi iliahirishwa, ikaahirishwa tena. Shahidi hayupo, jalada halijafika, hakimu yuko safarini. Walipewa dhamana, wakasimamishwa kazi. Mota ilibaki ukutani kwa mvua na jua, maana kielelezo hakiguswi. Na huko juu wanawake wakarudi kwenye mteremko. Miongoni mwao alikuwa mpwa wa Baba Somoe, mjamzito aliyekaribia siku zake. Aliteleza akiwa anapanda na ndoo kichwani, akaangukia mawe. Wenzake walimbeba kwa machela ya miti hadi barabarani, wakasubiri gari lolote lipite. Lilipopita, hakuwa akihitaji tena kupelekwa hospitali. Walimzika na mtoto wake tumboni. Baba Somoe aliruhusiwa kuhudhuria mazishi kwa sharti la kurudi kuripoti. Niliambiwa kwamba alipomaliza kufukia alikwenda akasimama kwenye bomba kavu la kijiji muda mrefu, akifungua na kufunga koki, hadi kaka yake alipomshika mkono.

Mwishowe kesi ilifutwa kwa sababu hapakuwa na ushahidi. Tafadhali liangalieni neno hilo. Hakuna aliyesema hawakuiba. Ilisemwa tu kwamba haikuthibitika. Wakati huo kupunguzwa kwa wafanyakazi kulikuwa kumepamba moto, na wale waliosimamishwa kazi ndio waliokuwa rahisi kupunguzwa. Mwenzake alikuwa ameahidiwa kubakizwa kazini kama angesema kwamba wazo la kuchukua mota halikuwa lake. Alijibu kwamba wazo lilikuwa la mama mmoja mzee anayeoga kwa kikombe, wakamkamate huyo. Wote wawili wakatoka kazini. Mota ilirudishwa kwa mwenye kiwanda ikiwa imeshika kutu hadi shafti haizunguki, naye akaitupa. Kiwanda chenyewe hakikubangua hata korosho moja, kikageuzwa ghala.

Miaka iliyofuata Baba Somoe aliishi kwa kazi za kuitwa na watu. Alitengeneza jokofu la chanjo la zahanati, akapitia nyaya za msikiti na za kanisa bila kuagizwa na mtu, akawafokea wenye vibanda vya video waliovuta umeme kwa nyaya nyembamba kama uzi. Lakini palipopotea kitu mahali alipofanya kazi, hata bisibisi, macho ya watu yalimgeukia.  Waliangalia tu. Nilimwona mara nyingi akitoka nyumba za watu huku amegeuza nje mifuko ya suruali yake, ili waone ni mitupu. Alifanya hivyo kimzaha mwanzoni. Baadaye ikawa desturi, na mzaha ukatoka. Kikohozi alichotoka nacho mahabusu hakikumwacha, na mwaka huu kimemmaliza.

Nilipanda Chilangala kesho yake baada ya kupata habari. Nilimkuta mwenzake wa Chiungutwa amekaa kwenye mkeka na wanaume wengine, kofia yake mkononi, amezeeka ghafla. Tulikuwa hapo ulipowasili ugeni wa wakubwa, wamekuja kuhani. Mmoja wao alisimama akatoa maneno mazuri sana, kwamba marehemu alikuwa mtumishi hodari, mzalendo, nguzo ya maendeleo ya wilaya zetu mbili, na kwamba upo mpango wa kuwatunuku vyeti mafundi wa zamani, na jina lake litakuwemo. Watu wakaitikia. Ndipo Mama Somoe, aliyekuwa ndani na wanawake wenzake, akatoka hadi mlangoni, amejifunika kanga, sauti imekauka kwa kulia.

"Ahsanteni baba zangu kwa kuja," alisema. "Cheti sina pa kukiweka. Naomba kitu kimoja. Hapa wamejaa watu wa Chilangala. Waambieni kwamba mume wangu hakuwa mwivi."

Mgeni yule alimtazama mgeni mwenziwe, naye akatazama viatu vyake.  Kisha yule wa hotuba akajibu, kwa upole, naamini hata kwa huruma, kwamba suala hilo ni la kisheria, la zamani, na kwamba yeye hana mamlaka ya kulisemea hapo. Atalifikisha ngazi za juu. Mama Somoe alingoja kidogo, kama mtu anayedhani sentensi haijaisha. Alipoona imeisha, alirudi ndani.

Mimi sina mamlaka yoyote, ila nina nafasi hii ya gazeti, kwa hiyo nalisema hapa: Hakuwa mwivi. Wala mwenzake siye. Walichukua kitu kilichoachwa kife, wakakipeleka kwenye uhai wa watu, kwa ruhusa, mchana kweupe. Na kwa kuwa mwenzake bado yuko hai, anatembea, anasikia, nawaomba wasomaji wangu wa Masasi na Newala, hasa ninyi mliokunywa maji yale, msimsubirie hotuba za msibani. Nendeni Chiungutwa. Mketi naye, mumwambie usoni kile ambacho Mama Somoe aliomba na kukosa. Tumezoea kudhani deni letu kwa watu waliotuhudumia ni shukrani, na kwamba shukrani inaweza kuchelewa bila kuharibika. Wako wanaotudai kitu kikubwa kuliko shukrani: jina lao safi, tulilolichukua tukalitelekeza. Jina la mtu halirudishwi kwa mjane. Linarudishwa kwa mwenyewe, angali na masikio ya kulisikia.