Siku Nilifungia Msemaji Wetu Lodging Kitengela

Hii maneno huwa siambii watu kwa sababu aibu yake haijaniisha, lakini kwa vile mmenilazimisha, sikizeni na msinicheke (najua mtacheka).

Miaka ya tisini, mimi na anko Wekesa, mdogo wa marehemu baba, tulitoka Bungoma kwenda kumposa Naisula, msichana niliyetaka kuoa, kwao Isinya, tukalala lodging hapo Kitengela, yeye namba tano mimi sita, na blanketi za zawadi zote zikakaa kwake, kwani yeye ndiye alikuwa msemaji na bila yeye mimi singefungua mdomo mbele ya wale wazee. Asubuhi nikikunywa chai mama wa jikoni akaniambia, "Kijana, hapa ufunguo moja hufungua vyumba vyote, wageni wameibiwa mpaka viatu." Kuchungulia, anko anakoroma, mlango ameegesha tu. Nikajiona mjanja, nikanunua kufuli nene dukani, nikamfungia kutoka nje, kisha nikaenda choo. Choo yenyewe ya shimo. Kuinama tu, ufunguo ukatoka kwa mfuko wa shati ukaenda huko chini.

Nikarudi nikapata anko amevaa tai, ameshika vyuma vya dirisha.

"Nani amenifungia?"

"Ni mimi, anko. Ni mambo ya usalama."

Askari wa lodging akaenda kutafuta msumeno wa chuma, na kabla arudi pickup ya babake Naisula ikaingia, maana tulikuwa tumepatana atuchukue saa tatu. Anko, maskini, akapitisha mkono kwa dirisha na ile salamu moja ya Kimaasai alikuwa amekariri safari nzima, "Supai." Mzee akaitikia, "Ipa," akaangalia kufuli, akauliza pole pole ni nani amefungia mtu mzima. Nikasema ukweli wote, mpaka ya choo, nikijua Naisula nimempoteza.

"Kijana," akasema, "kama baba yako mdogo unamfungia ndio asiibiwe, msichana wangu utamfungia wapi?"

Anko ndiye alijibu kutoka ndani (msemaji ni msemaji): "Mzee, huyu hana ubaya, ni akili tu hana. Hiyo mtamsaidia."

Mzee akacheka mpaka akashikilia pickup. Askari akarudi na msumeno, kufuli ikakatwa, tukaenda Isinya.

Msichana nilipewa, lakini kwa sharti, tena mbele ya wazee wote, ati funguo za nyumba zikae kwa Naisula. Nikitoka kazi mimi hubisha kwangu kama mgeni, na nikisikia mtu amelala lodging mlango wazi, namuombea tu.