Ndiyo ya Kila Asubuhi

Programu ya Joanitha ilikuwa rahisi mno, na hilo ndilo lililomponza. Kila asubuhi simu ya mgonjwa wa presha ililia na kuuliza, "Umekunywa dawa?" Chini yake vitufe viwili vikubwa: Ndiyo, Bado. Hata aliyesahau miwani asingekosea. Huko Dar es Salaam, alikosomea usanifu wa programu, urahisi ulipimwa kwa kidole: mtumiaji amebonyeza upesi, hajakosea, hajaomba msaada. Kwa vipimo hivyo binti huyu alikuwa amefaulu kabla hata ya kuandika tasnifu.

Kati ya watu waliokubali kuijaribu, aliyempenda kuliko wote alikuwa shangazi yake, Ma Edvina wa Muleba, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Majibu ya Ma Edvina yaliingia mapema. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Joanitha aliyasoma angali kitandani, moyo ukatulia kama vile ameshapiga simu nyumbani. Mara nyingi hakuipiga.

Kisha akapigiwa yeye. Alikuwa Datius, muuguzi wa zahanati ya kijijini.

"Dada, shangazi ameanguka kibanjani, kwenye migomba. Presha imepanda vibaya. Na vidonge vyake vimejaa kwenye kopo, hajavigusa."

Aliposhuka Bukoba hakupita hata Hamugembe kwa rafiki zake. Alipanda gari la Muleba moja kwa moja, na Kemondo ilipita bila yeye kuiona. Njia nzima aliwaza vitufe. Labda vimekaribiana. Labda maandishi ni madogo. Msomi akibanwa hukimbilia anachokijua.

Alimkuta Ma Edvina amekaa mkekani, kifundo cha mguu kimefungwa bandeji, akimchambulia yeye, mgeni wake, punje za kahawa za kutafuna. Joanitha alipiga goti, lakini salamu aliikatisha katikati.

"Shangazi, kwa nini ulikuwa unabonyeza Ndiyo?"

"Mwana wange, mtu akikusalimia asubuhi utamjibu vibaya? Unasema nzuri. Mengine yanafuata mkishakaa."

"Ile haikuwa salamu. Ni swali."

"Limekuja asubuhi, tena limetoka kwako. Nikajibu vizuri, nikangoja uniulize la pili." Ma Edvina alimsogezea kahawa. "Simu ikazima."

Joanitha alikaa chini. Walitafuna, na kwa mara ya kwanza tangu afike hakuuliza kitu. Ndipo mama yule alipoanza kueleza, taratibu, macho yakiwa mlangoni. Vidonge vile vilimkimbiza chooni. Yeye huimba kwaya, safu ya mbele. Padri hajamaliza mahubiri, tayari anapenya katikati ya watu kutoka nje. Na akibonyeza Bado, jibu linakwenda kwa Datius.

"Datius nimembeba mgongoni. Leo nimweleze yeye habari za mkojo wangu?"

Joanitha alicheka, kisha akajikuta analia. Aliona aibu sana. Alikuwa amepima jinsi kidole kinavyobonyeza kwa wepesi, asijiulize hata mara moja jinsi ilivyo vigumu kwa mtu mzima kusema ukweli. Na aliogopa pia, kwa sababu angeweza kumpoteza huyu mama huku akiendelea kupokea Ndiyo zake.

"Nikiitengeneza upya, simu ikuulize nini?"

"Iniulize nimelalaje. Halafu ingoje."

"Simu haijui kungoja, shangazi."

"Haya," alisema Ma Edvina, akaendelea kuchambua kahawa.

Jioni Datius aliwapitia, Joanitha akiwa ameshamdokeza kwa simu. Alisema daktari ameruhusu siku za Misa kidonge kinywewe baada ya ibada, na alilisema hilo akitazama viatu vyake, kijana wa watu. Ma Edvina aliitikia vizuri tu, kama alivyoitikia siku zote.

Joanitha alikuwa amekata tiketi ya kurudi kesho yake alfajiri. Basi liliondoka bila yeye. Kulipopambazuka aliingia chumbani kwa shangazi na kikombe cha maji na kopo la dawa, akapiga goti, akamsalimia kwa Kihaya, salamu nzima safari hii, akamuuliza amelalaje.

"Nimelala vizuri," alisema Ma Edvina.

Joanitha hakuinuka. Aliweka kikombe sakafuni, akangoja.

"Si vizuri sana," alisema Ma Edvina, na akanyoosha mkono kupokea kidonge.